Laptopu Mpya, Nyaya za Zamani: Kagua Kabla ya Kung'oa

Mwalimu mmoja mstaafu alifika katika afisi zetu siku ya Alhamisi akitafuta ushauri. Bintiye, anayesomea shahada kwa njia ya mtandao, alikuwa amenunuliwa laptopu mpya na alitarajiwa kufanya mtihani wake wa kwanza Jumatatu asubuhi. Nyumba yao ina nyaya za mtandao zilizopitishwa darini zaidi ya miaka kumi iliyopita, na kompyuta ya mezani imekuwa ikizitumia tangu wakati huo. Laptopu mpya ilikataa. Fundi aliyeitwa alitazama kwa dakika chache, akasema nyaya zimepitwa na wakati, kwa hivyo dari ifunguliwe na zote zing'olewe. Gharama aliyotaja ilikaribia bei ya laptopu yenyewe.

Kufikia Jumamosi jioni laptopu hiyo ilikuwa imeunganishwa. Hakuna waya hata mmoja uliong'olewa. Vilivyonunuliwa ni vitu viwili vidogo: adapta moja na kebo fupi moja. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kukagua na kurekebisha.

Tumeona ni vyema kueleza hatua kwa hatua jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, kwa kuwa wakaazi wengi wa kaunti yetu wana nyaya kama hizo nyumbani, katika maduka ya huduma za kompyuta na katika afisi ndogo. Maelezo haya tumeyaandaa kwa usaidizi wa maafisa wa teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, wa kaunti.

Waya wa zamani bado una kazi

Mwaka wa 2009 kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Katika miaka iliyofuata, baadhi ya familia na wafanyabiashara waliona ni busara kutandaza nyaya za mtandao ukutani na darini. Baadaye Wi-Fi ikaenea, na nyaya hizo zikasahaulika.

Hata hivyo, Wi-Fi hudhoofika inapopenya kuta nene za mawe, na nyumba nyingi za hapa Pwani zimejengwa hivyo. Mtu aliyeketi chumba cha tatu kutoka kwenye rauta anaweza kuona alama ya Wi-Fi kwenye kioo huku ukurasa ukikataa kufunguka. Waya haujali ukuta. Kwa anayefanya mtihani, mahojiano ya kazi au mkutano wa video, uthabiti huo ndio unaotafutwa.

Habari njema ni kwamba teknolojia inayotumika kwenye nyaya hizi, iitwayo Ethernet, imekua bila kuwatupa wazee wake. Ilibuniwa mwaka wa 1973 na Robert Metcalfe katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, Marekani. Kiwango cha megabiti 10 kwa sekunde kwenye nyaya za shaba zilizosokotwa kiliidhinishwa mwaka wa 1990, cha megabiti 100 mwaka wa 1995, na cha megabiti 1,000, yaani gigabiti moja, mwaka wa 1999. Vifaa viwili vinapounganishwa hushauriana kwanza, kisha huchagua kasi ya juu kabisa ambayo vyote viwili vinaiweza. Laptopu ya mwaka huu inaweza kuzungumza na swichi ya miaka kumi na mitano iliyopita. Itapunguza tu mwendo ili waende pamoja.

Je, mwendo huo unatosha? Swichi ya zamani hupitisha megabiti 100 kwa sekunde. Ikiwa kifurushi chako cha intaneti ni cha megabiti 20 au 40, swichi hiyo haikupunguzii chochote. Mkutano wa video huhitaji megabiti chache tu.

Kwa hivyo, laptopu mpya ikikataa mtandao wa zamani, usianze kwa kulaumu nyaya zote. Kuna viungo vinne vya kukagua, kimoja baada ya kingine: tundu, kebo, anwani na ulinzi.

Kiungo cha kwanza: Tundu

Laptopu nyingi za sasa ni nyembamba mno kiasi kwamba tundu la kebo ya mtandao limeondolewa. Kilichobaki ni matundu ya USB: lile la mstatili ambalo wengi tunachomeka flashi, na lile dogo la mviringo bapa liitwalo USB-C. Bintiye mwalimu alikuwa ameshika kebo mkononi bila mahali pa kuichomeka.

Dawa yake ni adapta ndogo ya USB yenye tundu la kebo ya mtandao upande wa pili. Kabla ya kununua, tazama matundu ya laptopu yako, au uibebe hadi dukani. Uliza pia iwapo adapta hiyo inafanya kazi na mfumo wa kompyuta yako bila kuhitaji programu ya ziada. Ikiwa inahitaji programu hiyo, ipakue kwanza kwa kutumia intaneti ya simu. Adapta ya USB 3 inaweza kufikia gigabiti moja. Ile ya USB 2 haifiki hapo, lakini kwa swichi ya megabiti 100 inatosha.

Ukishaichomeka, zima Wi-Fi ya laptopu unapofanya majaribio. Watu wengi hudhani waya umekubali, kumbe laptopu inaendelea kula bando za simu iliyo mezani.

Kiungo cha pili: Kebo

Chomeka kebo, kisha tazama taa ndogo kwenye adapta na kwenye swichi, upande ule ulipochomeka. Taa ikiwaka pande zote mbili, vifaa vimesikizana. Isipowaka, usifungue dari bado. Anza na kebo fupi inayotoka ukutani hadi kwenye kompyuta, kwani ndiyo inayokanyagwa, kuvutwa na kukunjwa kila siku. Ibadilishe na nyingine unayojua ni nzima.

Kwa mwalimu, hapo ndipo taa ilipowaka. Kebo fupi ya zamani ilikuwa imepoteza kile kikucha cha plastiki kinachoishikilia, na meno yake ya shaba yalikuwa yameingia kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi haisamehe shaba iliyoachwa wazi. Tundu la ukutani lisilotumika lifunikwe, na swichi iwekwe mahali pakavu.

Ikiwa kebo fupi mpya haijasaidia, jaribu tundu jingine kwenye swichi. Bado ikikataa, beba laptopu hadi kwenye swichi na uiunganishe moja kwa moja kwa kebo hiyo fupi. Ikikubali hapo, sasa unajua kwamba tatizo liko kati ya swichi na chumba chako. Hata hivyo, huenda likawa ni plagi ya mwisho tu, ambayo fundi anaweza kuikata na kuifunga upya kwa muda mfupi.

Soma pia maandishi yaliyochapishwa kwenye ganda la kebo. Cat5 hutosha kwa megabiti 100. Cat5e na Cat6 hubeba gigabiti moja hadi umbali wa mita 100. Ukinunua kebo mpya, itisha iliyo ya shaba tupu. Kuna zinazouzwa kwa bei nafuu ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika upesi na hupoteza nguvu njiani.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata mafundi. Ndani ya kebo mna nyaya nane. Kasi ya megabiti 100 hutumia nne tu, ilhali gigabiti moja huhitaji zote nane. Panya akiuma waya mmoja katika zile nne zisizotumika, kompyuta ya zamani haitahisi lolote kwa miaka. Siku utakapoleta laptopu mpya na swichi mpya ya gigabiti, zote zitajaribu kutumia nyaya nane, na mawasiliano yatakatika au kuwaka na kuzima. Mwenye nyumba atasema laptopu ni mbovu kwa kuwa ya zamani inafanya kazi. Laptopu haina hatia. Imefichua jeraha la siku nyingi. Mwombe fundi apime nyaya zote nane kwa kipima kebo kabla ya kuamua lolote.

Kiungo cha tatu: Anwani

Taa inawaka, lakini kurasa hazifunguki. Hapa tatizo si waya tena, ni anwani. Kila kifaa kwenye mtandao wa nyumbani hupewa nambari yake, iitwayo anwani ya IP, mfano 192.168.1.10. Ni kama nambari za nyumba mtaani: nyumba isiyo na nambari haipati barua, na mbili zenye nambari moja huzua vurugu.

Kwa laptopu inayotumia Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka, andika ipconfig na ubonyeze Enter tena. Tafuta mstari wa IPv4 wa adapta yako. Nambari ikianza na 169.254, maana yake ni kwamba laptopu iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika yake. Nambari hiyo haitakufikisha kwenye intaneti.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu. Fundi aliyetandaza nyaya miaka ile alikuwa amezima ugawaji wa anwani kwenye rauta, kisha akaipa kila kompyuta nambari yake kwa mkono. Zilipokuwa kompyuta mbili tu, mpango huo ulitosha. Kila kifaa kipya kilichofuata kingekwama mlangoni.

Suluhisho lilikuwa kuingia katika mipangilio ya rauta na kuwasha sehemu iitwayo DHCP, ambayo kazi yake ni kugawa anwani. Tuliiagiza rauta igawe kuanzia nambari 100 hadi 200, ili isigusane na zile za chini zilizokuwa zimeshikwa na vifaa vya zamani. Unaweza pia kuiandikia laptopu anwani yake kwa mkono, lakini siku utakapotumia adapta hiyo mahali pengine itakwama, kwa hivyo njia ya rauta ni bora.

Ukishapata anwani sahihi, tazama mstari wa Default Gateway kwenye dirisha lile lile. Hiyo ndiyo anwani ya rauta. Andika neno ping, acha nafasi, kisha andika nambari hiyo. Ukipata majibu, njia kutoka kwenye laptopu hadi kwenye rauta ni nzima. Ikiwa kurasa bado hazifunguki, hitilafu iko kwenye rauta au kwa mtoa huduma wako, na huo ndio wakati wa kumpigia simu.

Tahadhari kwa waliowekewa rauta mpya na kampuni ya intaneti: msiiache rauta ya zamani ikigawa anwani kando ya mpya. Vifaa vitapokea nambari kutoka kwa wagawaji wawili na kupotezana. Zimeni ugawaji kwenye moja. Na kebo ya kwenda kwenye swichi ichomekwe katika matundu yaliyoandikwa LAN, si lile la WAN.

Kiungo cha nne: Ulinzi

Intaneti ilipopatikana, mwalimu aliuliza swali lake la mwisho. Kompyuta yake ya mezani, inayotumia Windows XP, ndiyo yenye printa na miaka mingi ya barua na kumbukumbu za mikutano ya chama chao. Je, laptopu haiwezi kuyafikia mafaili hayo kupitia waya? Jirani alikuwa amemwonyesha mahali pa kubofya ili zikubaliane.

Hapa tulimwomba asibofye.

Kompyuta ya XP hugawana mafaili kwa lugha ya zamani iitwayo SMB1. Mwezi wa Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilipitia udhaifu katika lugha hiyo na kusambaa duniani kwa siku chache, ikifunga mafaili ya watu na kuwadai fidia. Hospitali za umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Baadaye mwaka huo Microsoft iliacha kuweka SMB1 katika matoleo mapya ya Windows. Laptopu ya bintiye mwalimu haikukataa kwa kiburi. Ilikuwa inajilinda. Kuiwasha SMB1 ni kuondoa komeo la mlango mpya ili ufanane na wa zamani.

Kumbuka tarehe hizi. Microsoft ilimaliza kutoa usaidizi wa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyopokea tena marekebisho ya usalama haifai kutumiwa kwa huduma za benki, iTax wala eCitizen, hata kama inawaka vizuri.

Njia iliyotumika nyumbani kwa mwalimu ilikuwa rahisi. Mafaili yalihamishwa kwa flashi, ambayo ilikaguliwa kwanza na programu ya kuzuia virusi kwenye laptopu. Printa iliunganishwa moja kwa moja kwenye laptopu kwa kebo yake ya USB, baada ya kupata programu yake kutoka kwa watengenezaji. Kompyuta ya XP iliondolewa kwenye mtandao. Mwalimu bado anaitumia kuchapa barua zake, na hilo halina madhara.

Rauta nayo isisahaulike. Ikiwa nenosiri la kuingilia mipangilio yake ni lile lililotoka nalo kiwandani, libadilishe leo. Ikiwa mtengenezaji ametoa marekebisho ya programu yake, yaweke.

Kwa ufupi, kubali kasi ya zamani, lakini usikubali ulinzi wa zamani.

Makosa ya kuepuka

• Usichomeke ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi hiyo hiyo. Mtandao wote wa nyumba unaweza kukwama.

• Usipitishe kebo ya mtandao pamoja na nyaya za umeme katika bomba moja.

• Mvua ya radi inapokaribia, chomoa swichi, rauta na adapta. Umeme wa kupanda na kushuka unaweza kuua vifaa.

• Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo na mipangilio pamoja, hutajua kilichoponya ni kipi.

Kabla ya kumlipa fundi

Mafundi wa mtandao ni watu muhimu, na wengi hufanya kazi kwa uaminifu. Mteja mwenye majibu humrahisishia fundi kazi na hulinda mfuko wake mwenyewe. Andika majibu ya maswali haya kabla hajafika:

1. Je, taa zinawaka pande zote mbili za kebo?

2. Laptopu ikiunganishwa moja kwa moja kwenye swichi, inakubali?

3. Anwani ya IP inaanza na nambari gani?

4. Ping kwenda kwenye rauta inajibiwa?

5. Kompyuta nyingine ikichomekwa kwenye kebo hiyo hiyo, inafanya kazi?

Fundi akisema nyaya zote zing'olewe, mwombe akuonyeshe kwa kipimo ni waya upi ulioharibika, na akuandikie gharama ya kurekebisha huo mmoja kando na gharama ya kubadilisha zote. Kuna nyumba ambazo nyaya zimeoza kweli na hazina budi kubadilishwa. Lakini uamuzi huo ufuate kipimo, usifuate umri wa waya.

Jumatatu ilipofika, bintiye mwalimu aliketi katika chumba chake, kuta tatu kutoka kwenye rauta, akafanya mtihani wake wa saa mbili bila mawasiliano kukatika. Pesa ambazo zingefungua dari zimebaki kwa karo ya muhula ujao.

Mkaazi aliye na tatizo kama hili anaweza kufika katika afisi ya TEHAMA ya kaunti ndogo yake saa za kazi kwa ushauri. Tafadhali beba laptopu, kebo unayoitumia na majibu ya maswali matano yaliyo hapo juu.